Mahadhi ya Mgeni, Maneno ya Mwenyeji

Ukishuka kwa barabara ya taifa namba 5 kutoka Kamanyola kuelekea Luvungi siku ya Jumamosi jioni, ukafika Katogota wakati watu wanarudi kutoka mashamba ya mpunga, mara nyingi utaisikia korali kabla hujaiona. Ukisimama kidogo utatambua kwamba mwendo wa wimbo si mgeni masikioni mwako. Ulishausikia kwa Kifaransa redioni au kwa Kiingereza kwenye simu ya kijana fulani, pengine kwa Kiswahili cha ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Maneno ni ya hapa, mahadhi yametoka mbali.

Hakuna aibu katika hilo. Mahadhi ya wimbo wa taifa wa Tanzania yalitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya huko Afrika Kusini, na Zambia nayo iliyavalisha maneno mengine. Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, alijipatia jina kubwa kwa kuimba mashairi ya Kiswahili juu ya mahadhi ya filamu za Kihindi. Rumba yetu wenyewe ya Kongo ilipata chachu kutoka Kuba, kupitia sahani za santuri za mfululizo wa GV zilizoanza kuletwa miaka ya 1930. Waturuki nao walikuwa na kipindi kizima cha kazi hiyo. Kuanzia mwaka 1961, nyimbo za Ulaya zilizotiwa maneno ya Kituruki zilitamba Istanbul, nao waliziita aranjman.

Kinachoniuma ni kuazima bila kufanya kazi. Nimekaa kwenye mabenchi ya mazoezi miaka mingi, nikasikia nyimbo ambazo maneno yake yanavunjwavunjwa ili yaingie kwa nguvu katika mahadhi. Waimbaji wanazoea. Msikilizaji anapiga makofi, lakini ukimuuliza wimbo umesema nini, hana jibu. Wimbo wa namna hiyo umepoteza kazi yake.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mahadhi ndiyo mgeni, maneno ndiyo mwenyeji. Hizi hapa ni hatua tunazofuata ili mgeni apokewe vizuri, na mwenyeji asifukuzwe kwake.

1. Jua mgeni ametoka wapi

Kabla hujashika kalamu, tafuta asili ya wimbo. Nani alitunga mahadhi? Nani alitunga maneno? Lini? Mara nyingi hawa ni watu wawili tofauti.

Chukua wimbo mmoja unaopendwa sana katika makanisa yetu, ule wa Kiswidi uitwao "O store Gud". Maneno yake yaliandikwa na Carl Boberg mwaka 1885, nayo yakaimbwa kwa mahadhi ya kienyeji ya Uswidi. Kutoka Kiswidi yalihamia Kijerumani, kisha Kirusi. Mwingereza Stuart Hine aliyakuta kwa Kirusi alipokuwa mmisionari upande wa Ukraine, akayaandika kwa Kiingereza, akaongeza beti zake mwenyewe. Wengi wetu tunadhani wimbo huu ni wa Kiingereza, wakati Waswidi ndio haohao waliofungua misheni ya Kipentekoste Uvira mwaka 1921, kazi ambayo leo tunaijua kama kanisa la CEPAC.

Kujua hayo kunakusaidia kwa njia mbili. Kwanza, unajua haki ni ya nani. Nitalirudia jambo hili mwishoni. Pili, unakuwa huru. Ukishajua kwamba hata yule unayemwiga naye alibadilisha, huogopi tena kuyaacha maneno ya Kiingereza.

2. Sikiliza bila maneno, kisha panga punje mezani

Hatua hii wengi wanairuka, nayo ndiyo msingi. Imba mahadhi kwa "la la la" mpaka yakae. Usiweke neno lolote bado. Kisha chukua maharage na punje za mahindi. Imba mstari mmoja polepole ukipiga mguu. Kila sauti inayoangukia pigo la mguu, weka haragwe. Kila sauti inayopita katikati, weka punje ya hindi. Ukimaliza mstari, anza safu mpya chini yake.

Ukifanya hivyo kwa wimbo nilioutaja hapo juu, ubeti wake utakupa safu hizi: mstari wa kwanza sauti 11, wa pili 10, wa tatu 11, wa nne 10. Kila mstari unaanza na hindi, halafu haragwe, hindi, haragwe, mpaka mwisho. Angalia sana mwisho wa safu. Mistari ya sauti 11 inaishia kwa hindi, yaani kwa sauti nyepesi. Mistari ya sauti 10 inaishia kwa haragwe, yaani kwa pigo zito. Tofauti hiyo ya punje moja ndiyo itakayokutoa jasho.

Usiziondoe punje mezani mpaka wimbo uishe.

3. Usitafsiri, amua unataka kusema nini

Wimbo wa kwanza wa aranjman uliovuma Uturuki mwaka 1961 uliimbwa na İlham Gencer, maneno yakiwa ya Fecri Ebcioğlu. Mahadhi yalikuwa ya wimbo wa Bob Azzam wa Kifaransa, ambao jina lake linasema kwamba jambo limeandikwa mbinguni. Ebcioğlu hakulifuata jina hilo. Wimbo wake aliupa jina linalobeba maneno ambayo bibi wa Kituruki huanzia hadithi, sawa na sisi tunaposema hapo zamani za kale. Mturuki aliyeusikia hakuhisi kwamba anasikiliza Ufaransa. Alihisi yuko kwao, jioni, karibu na bibi yake.

Basi andika kwanza kwa sentensi moja, kwa Kiswahili cha kawaida, jambo ambalo wimbo wako utasema. Kwa mfano: "Tunashukuru kwa maji ya mto Ruzizi yanayolisha mpunga wetu." Ukishindwa kuliandika kwa sentensi moja, hujawa tayari kutunga. Baada ya hapo fikiria vitu vinavyoonekana hapa: mto, tuta la shamba, mtumbwi, soko la Luvungi, milima ya Lemera upande wa magharibi. Theluji na miti ya misonobari waachie wenyewe.

Liko jambo moja la kuazima katika maneno ya asili: mlio wa neno linalorudiwarudiwa. Ajda Pekkan alipoimba kwa Kituruki ule wimbo wa Kiitaliano "Parole parole", neno la kurudiwa lilikuwa "palavra", ambalo kwa Kituruki ni porojo. Mlio unakaribiana, maana inaingia, na neno ni la nyumbani. Ukipata bahati kama hiyo katika kiitikio, ishike. Usipoipata, usiilazimishe.

4. Mkazo kwanza, hesabu baadaye

Watunzi wengi huhesabu silabi tu. Zikitimia, wanafurahi. Tazama mstari huu niliouandaa makusudi kwa ajili ya safu ya sauti 11:

Maji ya Ruzizi yanatoka juu

Hesabu, ukiliimba "juu" kwa sauti moja: silabi 11 kamili. Sasa uweke juu ya punje, silabi ya kwanza kwenye hindi, ya pili kwenye haragwe. Utaimba "maJI", utaimba "RuziZI", utaimba "yanatoKA". Kila neno limepinda. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na hapa kila pigo zito limeangukia mahali pengine. Tunajua mkazo unavyoweza kugeuza hata maana: "barabara" ya kupitia magari na "barábara", yaani sawasawa, huandikwa kwa herufi zilezile.

Sasa weka huu:

Ruzizi yetu, Bwana, inavuma

Ru-ZI-zi YE-tu BWA-na I-na-VU-ma. Silabi 11 vilevile, lakini mara hii kila haragwe limepata silabi yake. Neno refu kama "inavuma" halina tabu, maana silabi yake ya kwanza inakubali mkazo mdogo bila kuumia. Tofauti ya mistari hii miwili huwezi kuiona ukiisoma kwa macho tu. Iimbe yote miwili, utaisikia papo hapo.

Kanuni ya kukumbuka: neno la silabi mbili lianzie kwenye haragwe. Neno la silabi tatu lianzie kwenye hindi. La silabi nne lianzie kwenye haragwe. La tano, kwenye hindi. Mstari ukikataa, usisukume. Badilisha mpangilio wa maneno, au tafuta neno lenye maana hiyohiyo na urefu tofauti. Kiswahili kimetupa nafasi: "tunakuja" ni silabi nne, "twaja" ni mbili, "kwa sababu" ni nne, "maana" ni tatu.

5. Pita salama mwisho wa mstari

Hapa ndipo nyimbo nyingi zinapovunjikia. Kifaransa huweka uzito mwishoni kabisa mwa fungu la maneno. Kiingereza nacho kina maneno mengi ya silabi moja ya kumalizia. Kwa hiyo mahadhi yao mara nyingi huishia kwa haragwe. Kituruki nacho kwa kawaida hukazia silabi ya mwisho, kwa hiyo mtunzi wa Istanbul hakupata shida kubwa kupokea nyimbo za Kifaransa. Sisi neno letu linataka punje moja zaidi baada ya pigo. Kihispania na Kiitaliano vimejaa maneno yenye mkazo kama wetu, na nadhani hiyo ni sababu moja iliyofanya mahadhi ya Kuba yakae vizuri vinywani mwa Wakongo.

Mahadhi yakiishia kwa pigo zito, una njia tatu.

Njia ya kwanza ni kugawa sauti ya mwisho iwe mbili: nzito, kisha nyepesi kwenye sauti ileile. Ni rahisi, lakini ukiifanya kila mstari wimbo unazubaa.

Njia ya pili ni kumalizia kwa neno fupi linalobeba uzito, kama "tu" au "we".

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda, kwa sababu ni zawadi ya Kiswahili chenyewe: maneno yanayoishia kwa vokali mbili zinazofanana. Juu, kuu, huu, mguu, taa, saa, njaa, jaa, kaa, ng'aa, zaa. Katika maneno haya silabi yenye mkazo na silabi ya mwisho ni vokali moja iliyorefushwa. Unaiimba kwa sauti moja ndefu na hakuna kinachopotea.

Kwa hiyo mstari wetu wa pili, wa sauti 10 unaoishia kwa haragwe, unaweza kuwa hivi:

na maji yake yaja toka juu

Na-MA-ji YA-ke YA-ja TO-ka JUU. Sauti 10, pigo la mwisho limetulia. Na mstari unasema kweli mara mbili. Mwamini anasikia mbinguni. Mkulima anajua kwamba Ruzizi hutoka Ziwa Kivu, lililo kwenye kimo cha mita 1,460 hivi, na kushuka hadi Tanganyika lililo karibu mita 770. Maji yanatoka juu kweli. Tulipouimba mara ya kwanza, mama mmoja wa alto alisema: "Mwalimu, huu sasa ni wetu." Sikuhitaji ushahidi mwingine.

6. Linda vokali na pumzi

Mahali mahadhi yanapopanda sana, weka "a", "e" au "o". Soprano akilazimishwa kushika "i" au "u" juu kabisa, koo linabana na neno halisikiki. Kwa hiyo "juu" linafaa pale mstari unaposhuka. Mstari ukiishia sauti ya juu, tafuta "taa" au "ng'aa".

Kumbuka pia "m" inayosimama peke yake. "Mpunga" ina silabi tatu: m-pu-nga. "Mtoto" tatu: m-to-to. Hiyo "m" inahitaji punje yake, tena iwe ya hindi, wala isiwekwe kwenye sauti ndefu, maana midomo imefungwa na wimbo utazimika.

Pumzi itolewe mahali maana inapopumzika. Ukikata "maji ya" hapa, ukaanza "Ruzizi" baada ya kuvuta pumzi, umemchanganya msikilizaji. Na chagua Kiswahili kimoja. Ukianza na "watu", usimalizie na "batu" kwa sababu tu umechoka. Kiswahili cha vitabu kina heshima yake, na kile cha sokoni kina joto lake. Kuvichanganya bila sababu kunaonyesha uvivu.

7. Ukitunga kwa Kifuliiru, usifanye peke yako

Kifuliiru, lugha yetu ya nyumbani, ni lugha ya toni, na urefu wa vokali una maana. Mahadhi ya kigeni yakipanda mahali neno linaposhuka, unaweza kuwa umesema neno lingine kabisa. Roger na Karen Van Otterloo wameandika vitabu vikubwa juu ya sarufi na toni za lugha hii, lakini kwa kazi ya korali dawa iko karibu zaidi. Mtafute mzee au mama mtu mzima asiye mwimbaji. Mwimbie polepole, kisha umwombe akuambie alichosikia. Akisita kwenye neno, neno hilo haliko mahali pake. Libadilishe, au ishushe sauti kidogo pale. Kati ya neno na mahadhi, mahadhi ndiyo yanayopaswa kupisha.

8. Mdundo ulingane na jambo

Mahadhi yana kumbukumbu zake. Yale yaliyozoeleka kwenye harusi yatavuta miguu ya watu hata ukiyatia maneno ya msiba. Katogota inajua uzito wa hili. Tarehe 14 Mei 2000 watu zaidi ya 30 waliuawa hapa. Wimbo wa kuwakumbuka hauwezi kubebwa na mahadhi ya kuchezea, hata kama yanapendwa kiasi gani. Unataka mwendo wa taratibu wenye nafasi za ukimya, na mistari mifupi ambayo mtu anayelia anaweza kuifuata. Kwa jambo kama hilo, usiangalie wimbo gani unavuma mwezi huu. Angalia ni upi utakaoweza kuimbwa na mjane bila kuona kwamba amekosewa heshima.

9. Upime kabla ya Jumapili

Waite watu watatu ambao hawakuhudhuria mazoezi: mtoto, kijana na mzee. Waimbie ubeti mmoja mara moja tu, bila karatasi. Kisha mwambie kila mmoja arudie maneno aliyoyashika. Neno ambalo wote watatu wamelikosa lina kasoro, hata kama ni zuri sana kwenye daftari. Rudi kwenye maharage yako. Mara nyingi utakuta kosa liko kwenye mkazo, au "m" imekaa kwenye sauti ndefu.

10. Mpe mwenye mali haki yake

Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi "Mbube" mwaka 1939. Mahadhi yake yakazunguka dunia nzima na kuwatajirisha wengine, naye akafariki mwaka 1962 akiwa maskini. Familia yake ilifikia mapatano na kampuni iliyodai haki za wimbo huo mwaka 2006 tu. Tunapoisoma habari hiyo tunasikia uchungu, kwa sababu ni ndugu yetu aliyenyimwa. Basi tusimfanyie mwingine hivyohivyo.

Katika nchi yetu, haki za watunzi zinalindwa na Ordonnance-loi namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, na shirika linalozisimamia ni SOCODA. Wimbo wa kale ambao mtunzi wake amefariki siku nyingi hauna shida. Kwa mfano, Boberg alifariki mwaka 1940. Lakini maneno ya Kiingereza ya Hine, aliyefariki mwaka 1989, hayo yana mwenyewe. Ukiyatafsiri na kuyauza, unatumia mali ya mtu. Kama wimbo ni wa mwanamuziki aliye hai na mnataka kurekodi au kuuza, ombeni ruhusa. Na hata mnapoimba kanisani tu, andikeni juu ya karatasi: mahadhi ya fulani, maneno ya korali yetu. Ni mstari mmoja, na unawafundisha vijana uaminifu.

Neno la mwisho kwa wenzangu wa korali

Mbinu hii ya punje haichagui mahadhi. Wimbo wa taifa wa Kenya ulijengwa mwaka 1963 juu ya wimbo wa kubembeleza mtoto wa Wapokomo wa Mto Tana, na leo unaimbwa mbele ya marais. Sisi nasi tunazo nyimbo za kubembeleza za bibi zetu wa Kifuliiru, nyimbo za kupalilia, na nyimbo za wavuvi wa Uvira wanapovuta nyavu usiku. Nyingi hazijaandikwa popote. Ziko vifuani mwa wazee, na kila mzee tunayemzika huenda na zake.

Jumamosi hii, kabla ya mazoezi, mpitieni mzee mmoja wa karibu nanyi. Mwombeni aimbe wimbo aliolelewa nao, mrekodi kwa simu, muulize aliufundishwa na nani, kisha mzipange punje mezani. Mmeshajifunza kumpokea mgeni vizuri. Mpokeeni na wa kwenu.